Mkulima wa Njombe na viza ya Ulaya
Nanunua parachichi kwa wakulima wa Njombe na kuzipakia Makambako. Tukitaka kwenda Berlin kwa siku chache, kuonana na wanunuzi kwenye maonyesho ya matunda ya kila Februari, lazima kwanza tupande basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole za viza. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa, hairudi. Lakini Zambia tunaingia kwa pasipoti tu.

Kinachoniuma zaidi ni taarifa ya benki inayotakiwa kwenye maombi ya viza. Fedha ya mkulima iko shambani, akaunti inajaa wakati wa mavuno tu! Hati ya shamba na stakabadhi za mauzo zipewe uzito uleule. Wizara ya Mambo ya Nje iwabane Wazungu kwa hilo, na alama za vidole zichukuliwe Mbeya kabla ya Februari.