Mti Mrefu Shuleni Si Adui wa Mtoto

Mwalimu mkuu anapoamuru mti mrefu wa uwanjani ukatwe ili watoto wasiuparamie, hapana shaka nia yake ni njema. Mtoto akianguka na kuvunjika mkono, mzazi atamwendea yeye, wala si mti. Hata hivyo, sisi tuliolelewa Kajiado tukikwea miti hatuna budi kusema kwamba hasara ya shoka hilo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mtoto mchungaji alipanda mgunga ambao Wamaasai huuita oltepesi, akatikisa matawi, na mbuzi wakayagombania maganda chini. Kazi hiyo ilikuwa na elimu yake. Tulijifunza kulipima tawi kwa mguu kabla ya kuliegemea, kukwepa mwiba ulionyooka na ule uliopinda (mti huo unayo yote miwili!), na kutambua kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Kule juu tuliliona kundi lote, na vumbi la mgeni kabla hajafika. Isitoshe, tulijua kwamba uko mti usiochezewa: oreteti, ambao wazee husali chini yake.

Leo Kitengela ni mji. Ranchi ya pamoja iligawanywa mnamo 1988, mashamba yakauzwa na kukatwa vipande, na sensa ya 2019 ikahesabu zaidi ya watu 150,000. Makaa nayo yameila migunga ya Kajiado, kwani Nairobi ni jirani mwenye meko mengi. Shule kadha wa kadha zimebanwa katika viwanja vidogo, na kitu pekee anachokwea mtoto ni ngazi za ghorofa.

Serikali imeazimia kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo lipande miche. Ni vyema. Lakini mche uliopandwa juzi hautambeba mtoto aliye darasa la nne leo. Ukikomaa, yeye atakuwa mzazi. Basi shule inayojenga na iuzunguke mti uliopo. Mwalimu wa zamu awaonyeshe watoto tawi zima na tawi lililooza, na mstari wa chokaa uchorwe penye kikomo cha kupanda. Nanyi wanafunzi, mkisikia mti wenu umepangiwa shoka, mwandikieni mwalimu mkuu barua ya adabu, yenye hoja, kabla fundi wa msumeno hajalipwa.