Mali bila daftari hupotea bila habari

Hakuna askari, awe wa jeshi au wa polisi, anayeruhusiwa kutoka na bunduki ghalani kabla namba yake haijaandikwa na yeye mwenyewe kutia sahihi. Hakuna kituo cha polisi kinachoanza kazi ya asubuhi bila kitabu cha matukio kuwapo mezani. Zamu ya ulinzi nayo haipokelewi kwa maneno matupu. Anayeingia hukagua na kuandika kabla anayetoka hajaondoka. Mambo haya tumeyazoea mno hata hatuyahesabu tena kuwa ni elimu. Basi yafaa tujiulize: kwa nini nidhamu hiyo twaiacha langoni mwa kambi siku tunapokwenda nyumbani kuwatazama ng'ombe wetu?

Twauliza hivyo kwa sababu wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni wafugaji. Wako walionunua mitamba kwa fedha walizozipata kwa jasho na hatari huko Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia mwaka 2007. Wako waliokopa katika Wazalendo SACCO au Exodus SACCO, vyama vyetu vya akiba na mikopo. Wako pia wanaohesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, na tegemeo lao ni zizi. Ng'ombe wako Kiruhura, Mbarara au Isingiro, na mwenyewe yuko zamu mamia ya kilomita mbali. Habari humfikia kwa simu: "Ng'ombe wazima, afande. Maziwa yamepungua kidogo kwa ajili ya jua." Hiyo haistahili kuitwa taarifa. Afisa akiletewa maneno kama hayo kutoka doria angeyarudisha palepale na kuuliza: Yamepungua kiasi gani? Tangu siku gani? Kwa ng'ombe yupi?

Tuchukue mfano. Mtu ana ng'ombe 10 wanaokamuliwa, kila mmoja akitoa lita 8 kwa siku. Jumla ni lita 80. Zikipotea lita 5 tu kila siku, iwe kwa kumwagika, kwa kuchacha, au kwa mkono mrefu wa mtu, hakuna atakayeshtuka, kwa kuwa debe bado laonekana limejaa. Lakini kwa mwaka ni lita 1,825. Tukiihesabu lita moja kwa shilingi 1,000, zimekwenda shilingi 1,825,000 bila kelele wala moshi.

Tena hasara ya maziwa ni ile inayoonekana. Iko nyingine iliyojificha zaidi. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi katika joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi siku moja. Likipita mara 3 pasipo mtu kuliandika, siku 63 zimekwenda, na muda wote huo ng'ombe anakula, anaogeshwa dawa ya kupe, na mchungaji anadai mshahara. Mfugaji hodari hutaka ndama mmoja kila baada ya miezi 12 au 13 kwa kila ng'ombe. Asiye na tarehe hawezi kujua kama ndama wake wanakuja kwa miezi 13 au 20.

Ndiyo sababu twaona kuwa wakati umefika wa kuuzungumzia mfumo wa taarifa za uongozi katika biashara ya maziwa. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi: kukusanya habari za kila siku, kuziweka kwa utaratibu, na kuzileta mbele ya mwenye kuamua, kwa wakati, ili aamue kwa ujuzi. Mkuu wa kikosi hufanya hivyo kila asubuhi anapopokea idadi ya askari waliopo, walio wagonjwa na walio likizoni. Kompyuta na simu huongeza mwendo tu. Msingi ni ule ule wa daftari.

Nchi iliyotoa fundisho kubwa katika jambo hili ni India. Mwaka 1946 wafugaji wadogo wa wilaya ya Kaira, katika eneo la Gujarat, waliunda umoja wao wa ushirika huko Anand, baada ya kuchoka kunyonywa na wafanyabiashara wa kati. Mwaka 1949 alifika hapo mhandisi kijana, Verghese Kurien, ambaye baadaye aliongoza mpango mkubwa wa maziwa wa taifa ulioanza mwaka 1970. Wengi wa wanachama walikuwa na ng'ombe au nyati wawili watatu tu. Mkulima alileta maziwa yake kituoni asubuhi na jioni, yakapimwa wingi na mafuta, kwa kuwa bei hufuata mafuta. Lakini upimaji wa mikono ulichukua muda, karani akaandika vitabuni, na mkulima akangoja siku kadhaa kabla ya kujua haki yake. Katika miaka ya 1990 vituo vya vijijini vilianza kutumia mizani ya umeme, kipimo cha mafuta na kompyuta kwa pamoja. Mkulima huonyesha kadi yake, maziwa hupimwa mbele ya macho yake, naye hupewa karatasi iliyoandikwa lita, mafuta na fedha. Shaka iliyokuwapo kati yake na karani ikapata dawa. Kufikia mwaka 1998 India ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa. Mashine peke yake haikufanya kazi hiyo, lakini uaminifu unaoweza kukaguliwa ulikuwa nguzo mojawapo.

Hapa kwetu Uganda, Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na vituo vya kupozea maziwa vimeenea, hasa kusini-magharibi. Maziwa yakifika kituoni hupimwa kwa laktometa na spiriti, kisha hupozwa hadi nyuzi 4. Hilo ni jema. Hata hivyo, viko vituo ambavyo kitabu husomwa na karani peke yake. Mwanachama huambiwa mwisho wa mwezi, "Zako ni hizi," naye hupokea na kushukuru. Sisi twasema kwamba kila anayeleta maziwa ana haki ya kupata maandishi yake siku ile ile, kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu. Malipo ya simu yalifika nchini mwaka 2009, na leo mchungaji wa kijijini anayajua. Kinachoweza kupeleka fedha hakishindwi kupeleka hesabu ya lita.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta haina macho. Mtu akitia maji ndani ya maziwa na laktometa ikaachwa kabatini, kompyuta itaandika maji kwa jina la maziwa, na itayajumlisha bila kosa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki asipoandikwa, maziwa yake yatachanganywa na ya wenzake kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kwisha, na yataharibu tangi zima. Taarifa ya uongo ikikimbizwa kwa mashine hufika mapema tu. Haigeuki kuwa kweli.

Twapenda pia kusema neno moja juu ya mchungaji. Wengi hudhani daftari ni la kumnasa mwizi. Ni kweli, lakini humlinda mwema pia. Ni mara ngapi mtu amefukuzwa kazi kwa kushukiwa kuiba maziwa, kumbe ng'ombe alikuwa amefikia mwezi wa 10 tangu kuzaa na alikuwa akikauka kama Mungu alivyomuumba? Mwenye mali aliye mbali na asiye na maandishi huhukumu kwa hasira. Na ndugu zetu polisi wanajua zaidi: mlalamikaji akija kituoni kudai ng'ombe aliyeibwa, mwenye namba ya hereni, rangi na tarehe ya kuzaliwa kwa maandishi husaidiwa upesi, asiye na kitu hubaki kuapa.

Kwa hiyo basi, twawahimiza wenzetu waanze na daftari la shilingi chache, kabla ya kutamani kompyuta. Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: namba, tarehe ya kuzaa, tarehe ya kupandwa, dawa alizopewa, na lita za asubuhi na jioni. Jioni mchungaji apige picha ya ukurasa wa siku hiyo aitume kwa simu. Jumapili mwenyewe ajumlishe, alinganishe na karatasi za kituo, aulize maswali kwa upole na adabu. Atakayeshika utaratibu huo kwa mwaka mzima atakuwa tayari kwa mashine yoyote itakayokuja.

Sare tutaivua siku moja sote. Nidhamu tuliyofundishwa humo haina tarehe ya kustaafu, na zizi ni mahali pazuri pa kuipeleka.