Chumvi ndani ya betri: ni mali ya nani?

Wazee wetu waliyaita mawe. Redio ikilegea sauti, mawe yalitolewa yakaanikwa juani, au yakang'atwa kwa jino, yakapata uhai wa taarifa ya habari moja zaidi. Yakifa kabisa yalitupwa jaani, wala hakuna aliyeuliza mle ndani mna nini. Leo swali hilo ndilo linalowashughulisha mabingwa wa dunia.

Betri za simu zetu, na za pikipiki za umeme, ni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa Sony ya Japani, na mwaka 2019 mabingwa watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97. Kazi yenyewe si fumbo: betri ikitiwa chaji, chembe za lithiamu huhama upande mmoja hadi wa pili, ikitumiwa, hurudi zilikotoka, mfano wa jahazi liendalo Arabuni kwa kusi na kurejea kwa kaskazi.

Taabu iko kwenye bandari ya kuzipokea chembe hizo. Kwa miaka mingi ilitumiwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, pande za Kolwezi, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi. Huko wapo wachimbao kwa mikono mitupu, na watoto wameonekana mashimoni. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya bei, watengenezaji wengi wamegeukia chuma na fosfeti. Chuma kina sura yake katika Msahafu, nami sikustaajabu kukiona kimeitwa tena kazini.

Sasa yaja sodiamu, iliyomo katika chumvi na magadi. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya Uchina ilitangaza betri yake ya sodiamu, na baadaye magari madogo ya namna hiyo yakaanza kuuzwa huko. Upande wake mmoja hutiwa kaboni ngumu, na kampuni moja ya Japani huipata kaboni hiyo katika vifuu vya nazi. Chumvi, magadi na kifuu! Mama zetu walikuwa navyo vyote jikoni. Kweli, betri hii ni nzito kuliko ya lithiamu kwa umeme ule ule, na bei ya lithiamu ilipoporomoka mwaka 2023, baada ya kupaa mno 2022, pupa ya wengi ilipoa. Lakini kwa kuwekea umeme wa jua nyumbani uzito si neno. Betri ya nyumba haisafiri.

Je, sisi wenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni tushangilie? Mimi nasita. Sodiamu iko kila mahali, kwa hivyo hakuna atakayekuja kutubembeleza kwa ajili ya yetu. Faida itakuwa ya mwenye kiwanda, si ya mwenye ufuo. Na hata chumvi ya kula tu haikutuachia amani. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikaa hadharani kusikiliza malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na maji katika mashamba hayo.

Sisi tuliokaa chuoni tulisimuliwa habari ya Abyadh bin Hammal. Alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, chumvi ya Maarib huko Yemen, akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja alieleza kwamba aliyopewa ni mali isiyokatika, kama maji ya chemchemi. Mtume akairejesha. Mafakihi wamejenga hukumu nyingi juu ya kisa hicho, na sijui kwa nini hakitajwi vibali vinapotolewa.

Kisha kuna taka. Owino Uhuru, hapa Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilianza mwaka 2007, kikafungwa 2014, risasi ikiwa imekwisha kuingia katika damu za watoto. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu tanuri kuzimwa!

Betri ya sodiamu haina risasi. Lakini haina kobalti pia, na hapo pana tatizo ambalo wauzaji hawalitaji. Mnunuzi wa vyuma chakavu hununua kilicho na thamani ndani. Betri iliyojaa vitu rahisi, ikifa, atainunua nani? Asipopatikana mnunuzi, itakwenda jaani yalikokwenda mawe ya redio, nayo ni kubwa kuliko mawe mara nyingi. Huko Ulaya sheria ya mwaka 2023 imemtwika mtengenezaji gharama za kuzikusanya. Wanaotuletea betri bandarini Kilindini nao wabebeshwe mzigo huo tangu siku ya kushusha shehena.