Risasi Haimlipi Aliyekatwa

Kijana mwenzangu, kila vijana wa mapanga wanapovamia watu Kisauni au Likoni, simu zetu hujaa neno moja: "Wamalizwe!" Na wewe unasambaza.

Hebu nikuulize. Yule mama aliyekatwa mkono akitoka dukani, kuna aliyemuuliza anataka nini? Mshukiwa akipigwa risasi kichochoroni, kesi imekwisha. Mama hasikizwi, halipwi, hajui nani aliwatuma. Aliyewatuma bado yuko, kesho anatafuta watoto wengine. Na akikosewa mtu, kijana wa mtaa ule na umri ule ni wewe.

Katiba, kifungu cha 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa. Sheria hiyo ipo tangu 2014. Inampa mwathiriwa haki ya kujulishwa kesi yake inavyoendelea, kusikizwa kuhusu dhamana na hukumu, na kudai fidia. Haki hizo zinataka mshtakiwa aliye hai, mbele ya hakimu. Anayemuua mshukiwa anamnyang'anya na mwathiriwa.

Utaniambia, "Hayo ni makaratasi, sisi twataka usalama." Sawa. Tuangalie basi usalama uliojaribiwa ukapimwa. Glasgow, kule Scotland, ilisifika kwa visu. Mwaka 2005 polisi wenyewe waliunda kitengo cha kupunguza vurugu, wakazichukulia kama maradhi: tafuta chanzo, zuia yasiambukize. Mwaka 2008 wakaanza kuwaita vijana wa magenge mahakamani, si kuwashtaki, bali wasikilize. Daktari akawaeleza majeraha anayoshona. Mzazi wa kijana aliyeshambuliwa akasimama akasema. Kisha wakaambiwa: acha, usaidiwe masomo na kazi, endelea, na polisi watafuata genge zima. Miaka 10 tangu kitengo kianze, mauaji Scotland nzima yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Umeona? Huko mwathiriwa alipewa nafasi ya kusema, na sauti yake ikawa sehemu ya dawa. Huku kwetu tunamtumia kama kisingizio.

Basi mtu wako akikatwa, mpeleke hospitali, piga ripoti, chukua namba ya OB na fomu ya P3, na ufuatilie kesi bila kuchoka. Mwakilishi wako wa wadi akija mtaani, muulize ana mpango gani kwa hawa watoto kabla hawajashika panga. Na lile neno "wamalizwe" likiingia kwenye simu yako, liishie hapo hapo.