Nani Ameshika Usukani wa Makontena?

Neno kontena si geni kwa watu wa pwani. Kila mwenye ndugu anayefanya kazi bandarini anajua kwamba sanduku lile la chuma, liwe limebeba chai, vitenge au vipuri vya matrekta, hunyanyuliwa na winchi ile ile na kutuliwa juu ya lori lile lile, na mpakuaji hana haja ya kujua kilichomo ndani. Utaratibu huo una umri wa mtu mzima tu. Ulianza tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal X, ya mfanyabiashara wa malori wa Marekani Malcom McLean, ilipotoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Kabla ya hapo shehena ilikwenda gunia kwa gunia, juu ya mabega ya watu.

Sasa neno hilo limehamia maofisini, na limebeba maana nyingine. Mabenki, makampuni ya simu, vyuo vikuu na wizara katika nchi nyingi huendesha programu zao za kompyuta ndani ya kile ambacho wataalamu wanakiita makontena, na juu ya makontena hayo wameweka chombo kikubwa cha kuyasimamia, ambacho katika safu hii tutakiita jukwaa. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, waachiwe wenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Mwananchi aliyesimama dirishani akingoja kumbukumbu namba ya kulipia leseni ya duka lake anangoja programu fulani iitike mahali fulani. Programu hiyo ikilala, swali la nani mwenye uwezo na mamlaka ya kuiamsha ni swali la utawala.

Kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Programu ya kompyuta haifanyi kazi peke yake. Huhitaji programu nyingine ndogo ndogo za kuisaidia, tena kila moja kwa toleo lake maalumu. Kwa miaka mingi balaa la mafundi lilikuwa hili: programu iliyokwenda vizuri katika kompyuta ya aliyeitunga hukataa katakata inapofikishwa ofisini, kwa sababu kule kuna toleo jingine la kitu fulani. Dawa ya kwanza ilikuwa kuipa kila programu kompyuta yake, na hiyo ni ghali. Dawa ya pili ilikuwa kuigawa kompyuta moja kubwa, kwa hila ya programu, ikawa kama kompyuta kadhaa, kila moja na mfumo endeshi wake kamili. Kontena ni dawa ya tatu. Programu hufungwa pamoja na mahitaji yake yote katika furushi moja, na mafurushi mengi hukaa katika kompyuta moja yakitumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, kila moja likidhani kwamba liko peke yake. Waliosoma chuoni watakumbuka mkeka mmoja, mwalimu mmoja, na kila mtoto akiisoma sura yake. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tukisikilizana na kuibiana, na makontena hayaruhusiwi.

Misingi ya hila hiyo ilikuwamo katika mfumo wa Linux tangu miaka ya 2000, lakini ilikuwa ngumu kuitumia mpaka Machi 2013, Solomon Hykes alipoonyesha chombo kinachoitwa Docker mbele ya mkutano wa watunga programu huko Santa Clara, California. Tangu siku hiyo furushi likawa rahisi kufungwa na rahisi kusafirishwa.

Walakini kufunga furushi moja si kazi kubwa. Shirika kubwa lina mamia na maelfu ya mafurushi. Nani ataamua lipi likae katika kompyuta ipi? Nani atajua kwamba moja limekufa saa nane za usiku? Kampuni ya Google ilikutana na taabu hiyo mapema, maana mwaka 2014 ilieleza kwamba huanzisha makontena zaidi ya bilioni mbili kila wiki kwa chombo chake cha ndani kiitwacho Borg. Juni ya mwaka huo wahandisi wake walitoa hadharani chombo kipya kilichotokana na uzoefu huo, wakakiita Kubernetes, neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani wa meli. Julai 2015 chombo hicho kikakabidhiwa kwa taasisi iliyo chini ya Linux Foundation, kisiwe mali ya kampuni moja.

Namna kinavyofanya kazi inastahili kutazamwa. Fundi hakiamuru hatua kwa hatua. Huandika tamko: nataka nakala tatu za programu hii ziwe hai wakati wote. Basi jukwaa hukaa likilinganisha tamko na hali ilivyo. Nakala moja ikifa, nyingine huanzishwa. Kompyuta nzima ikizimika, mzigo wake hugawiwa zilizobaki. Toleo jipya huingizwa nakala baada ya nakala, bila kufunga dirisha la huduma hata kwa dakika moja. Kwa sababu ya manufaa hayo wanasayansi wa CERN mjini Geneva wanakitumia, na Jeshi la Anga la Marekani mwaka 2020 lilikirusha hewani ndani ya ndege ya upelelezi ya U-2. Hapana shaka kwamba ni chombo chenye nguvu.

Tena ni cha bure. Yeyote anaweza kukichukua leo bila kulipa hata senti moja. Je, inakuwaje basi biashara yake ihesabiwe kwa mabilioni? Jibu ni kwamba Kubernetes yenyewe ni kama injini iliyowekwa sakafuni. Shirika linahitaji pia lango la kujua nani aingie na nani asiingie, ghala la kuhifadhi mafurushi, ukaguzi wa kasoro zilizomo ndani yake, daftari la yote yaliyotendeka, na zaidi ya hayo mtu wa kupigiwa simu mambo yanapoharibika. Makampuni hukusanya hayo yote, huyafunga pamoja na injini, na kuyauza kama jukwaa la mashirika makubwa. Mashuhuri kati ya hayo ni OpenShift ya kampuni ya Red Hat, iliyoanza mwaka 2011 na kujengwa upya juu ya Kubernetes mwaka 2015. Julai 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Docker nayo, iliyolifundisha soko kufunga mafurushi, iliuza biashara yake ya mashirika makubwa kwa kampuni ya Mirantis mnamo Novemba mwaka ule ule. Mwenye kuvumbua sanduku aliachwa nyuma, na mwenye bandari akatajirika.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka lizingatiwe. Wauzaji wa majukwaa husema kwamba makontena yanampa mnunuzi uhuru, kwa kuwa furushi lililofungwa huweza kuhamishwa kutoka kompyuta hii kwenda ile, na kutoka kampuni hii kwenda nyingine. Hiyo ni kweli kwa furushi. Si kweli kwa jukwaa. Malango, maghala, vibali na madaftari ya jukwaa moja hayafanani na ya jingine, na shirika likikaa miaka mitano juu yake, taratibu zake zote za kazi huwa zimeota mizizi humo. Siku mwenye jukwaa anapobadilisha masharti, mnunuzi hugundua kwamba kilichoweza kuhama ni mzigo tu.

Masharti hubadilishwa kweli. Novemba 2020 Docker iliweka kiwango katika ghala lake la wazi, ambalo dunia nzima ilikuwa imezoea kuchota humo: asiyejitambulisha asichukue mafurushi zaidi ya 100 katika saa sita. Wale ambao mitambo yao ilikuwa ikichota kutoka huko kila saa, bila wao kujua, walijua siku hiyo. Kubwa zaidi ni habari ya VMware, kampuni ambayo kompyuta zake za kugawanywa ndizo zinazobeba majukwaa mengi ya makontena. Broadcom ilitangaza mwaka 2022 kuinunua kwa dola bilioni 61, ikamaliza ununuzi Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Tangu hapo mteja hulipia kwa muda. Hata AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ilikwenda mahakamani Agosti 2024 kudai msaada wa ufundi ambao iliamini ni haki yake, na baadaye mwaka huo wakasuluhishana. Ikiwa AT&T ilihitaji mawakili ili isikilizwe, seuze halmashauri ya wilaya?

Msomaji asidhani kwamba tunataka kila ofisi ikatae kununua na ijijengee yenyewe. Kujijengea bila watu ni hatari kubwa zaidi. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miezi kama 14 tu. Asiyefuata hubaki na mlango wenye kufuli bovu. Februari 2018 ilibainika kwamba wezi walikuwa wameingia katika jukwaa la kampuni ya magari ya Tesla, kwa sababu dawati lake la usimamizi halikuwekewa neno la siri, wakaitumia mitambo hiyo kuchuma fedha za kidijitali. Hiyo ni kampuni yenye wahandisi wengi.

Lakini mfano ambao tungependa usomwe na kila mkurugenzi ni wa Reddit, mtandao wa mazungumzo wa Marekani. Tarehe 14 Machi, 2023, mafundi wake walikuwa wakihamisha jukwaa moja kutoka toleo la 1.23 kwenda 1.24. Huduma ikazimika kwa dakika 314. Katika matoleo ya zamani kompyuta zinazotawala jukwaa zilibandikwa lebo yenye neno la Kiingereza lenye maana ya bwana. Neno hilo lilionekana halifai, likaondolewa katika toleo jipya. Kumbe miaka kadhaa nyuma mtu fulani alikuwa ameielekeza mitambo ya mawasiliano ya ndani iwatafute viongozi wake kwa lebo hiyo hiyo. Lebo ilipofutwa, njia zote za mawasiliano zilipotea. Waliouweka mpangilio ule walikuwa wamekwisha kuondoka, na waliobaki hawakujua kwamba upo. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, nasi tunaisifu kwa uungwana huo. Walijiokoa kwa sababu walikuwa na akiba ya kumbukumbu zao, na walikuwa na watu wao wenyewe waliokesha mpaka wakaipata sababu.

Hapa kwetu mwaka jana tulifika katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja kwa kuwa kasoro yake ni ya wengi. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi chini ya mwembe. Tulipomwuliza mkuu wa zamu, alisema kwa masikitiko kwamba mfumo uko chini tangu asubuhi, fundi wa kampuni iliyouweka amemaliza mkataba, na neno la siri analo yeye. Hatukuambiwa mfumo huo umejengwa juu ya nini, wala si kitu. Ungekuwa juu ya jukwaa bora kuliko yote duniani, foleni ile ingekuwa pale pale.

Serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019 na kuunda Mamlaka yake, hivyo hatuwezi kusema kwamba hakuna chombo cha kulisimamia jambo hili. Kilichobaki ni yale yanayoandikwa katika mikataba. Mkataba wa jukwaa, kwa maoni yetu, usitiwe saini mpaka useme ni watumishi gani wa ofisi yenyewe watakaofanya kwa mikono yao kazi ya kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine, huku mtaalamu wa kampuni akiwatazama, na si kinyume chake. Ghala la mafurushi liwe nchini. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Vituo vikubwa ambavyo Microsoft, Amazon na Google walivifungua Afrika Kusini mwaka 2019, 2020 na 2024 havimsaidii sana mtu ambaye waya wa kumfikisha huko umekatika. Na mishahara ya mafundi wa Serikali itazamwe upya, maana kijana aliyejifunza kazi hii vizuri huchukuliwa na benki kabla ya mwaka kwisha, na huondoka na yote aliyoyajua.

Wako pia wasiohitaji jukwaa kabisa, na waambiwe hivyo bila haya. Kampuni ya 37signals ya Marekani ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoka katika kompyuta za kukodi, ikanunua zake, na ikajitungia chombo chepesi cha kupeleka makontena badala ya Kubernetes. Halmashauri yenye programu mbili na watumiaji mia inahitaji kompyuta mbili nzuri, umeme wa akiba, na mtu wa kunakili kumbukumbu kila jioni na kuzipeleka jengo jingine.

Kwa wale walio na jukwaa tayari, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Jumamosi moja, ofisi ikiwa imefungwa, mkurugenzi aende mwenyewe chumba cha mitambo, aamuru kompyuta moja izimwe, kisha akae kwenye kiti na kutazama saa. Kampuni isiarifiwe. Aone ni nani atakayenyanyuka kwenda kuitengeneza, na kama atakayenyanyuka ni mtumishi wake.