Amani ya Funika Kombe



Wapendwa Taifa la Mungu, juma lililopita kijana mmoja wa kidato cha sita alinijia baada ya Misa akiwa na daftari lake la Historia. Alikuwa ameandika kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vililetwa na wanasiasa na wahubiri wa Kaskazini walioshindwa kufunga vinywa vyao juu ya utumwa. “Padre,” akaniuliza, “wangalinyamaza tu, nchi isingalibaki na amani?” Nilimjibu kwa kifupi, maana watu walikuwa wakinisubiri. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu fikra ile si yake peke yake. Naisikia hata kwetu Wakristo, nayo ni fikra ya hatari.

Naanza kwa kuuliza: amani ya nani? Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao laki saba. Mwaka 1860 walikaribia milioni nne. Katika miaka hiyo 70 mama aliuzwa upande huu na mwanawe upande ule, na mjeledi haukupumzika. Husemwa kwamba wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Marekani ilifundisha jambo jingine: nyasi huumia hata mafahali wanapopatana.

Nao walipatana mara nyingi. Katiba ya mwaka 1787 ilikubali kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, hivyo bwana akajiongezea nguvu bungeni kwa vichwa vya watu asiowaruhusu kupiga kura. Mwaka 1820 ilikubaliwa kwamba jimbo la Missouri liingizwe likiwa la watumwa na Maine likiwa huru, kisha ukachorwa mstari juu ya ramani kuonyesha utumwa uishie wapi katika nchi za magharibi. Mwaka 1850 California ikaingia huru, na Kusini ikatulizwa kwa sheria kali ya kuwarudisha watumwa watoro. Kwa sheria hiyo, mtu aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe. Na mwamuzi alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani, dola 5 akimwachia huru. Kila mapatano yaliitwa wokovu wa taifa. Mwenye kulipa gharama yake hakuitwa mezani hata mara moja. Hiyo ndiyo amani ya funika kombe mwanaharamu apite.

Nabii Yeremia aliwakemea walioganga jeraha la watu wa Mungu juu juu tu, wakitangaza amani isiyokuwapo (Yer 6:14). Je, kuna maneno yanayowafaa zaidi wanasiasa wale?

Pili, si kweli kwamba mjadala ndio uliowasha moto. Uingereza nayo ilibishana juu ya utumwa kwa miaka mingi, bungeni na makanisani, na mwaka 1833 ikapitisha sheria ya kuukomesha katika sehemu kubwa ya makoloni yake. Fidia, kwa aibu, walipewa mabwana badala ya watumwa; lakini Waingereza hawakuingia katika vita vya wao kwa wao. Marekani ilichagua kuziba vinywa. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuweka kando, bila kujadiliwa, maombi yote ya wananchi yaliyohusu utumwa. Mwaka 1837, mjini Alton, Illinois, kundi la watu lilimuua mchungaji na mhariri Elijah Lovejoy alipokuwa akilinda mtambo wake wa kupigia chapa. Mwaka 1856 Seneta Charles Sumner alipigwa kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti hadi akazirai, na mpigaji alikuwa mbunge. Mahali ambapo hoja hujibiwa kwa bakora, msishangae bunduki ikifuata.

Wengine husema vita vilihusu haki za majimbo. Haki ya kufanya nini? Majimbo ya Kaskazini yalipotaka kuwalinda watoro, Kusini ilidai mkono wa serikali kuu uyalazimishe kuwarudisha. Carolina ya Kusini ilipojitenga Desemba 1860, tamko lake lililalamikia waziwazi jambo hilohilo. Na katiba ya majimbo yaliyojitenga ilikataza sheria yoyote ya kuondoa umiliki wa watumwa. Wenyewe walisema, sisi tunawaficha kwa nini?

Sasa nageukia nyumbani mwetu, maana padre anayekemea wanasiasa na kulisitiri Kanisa hastahili kusikilizwa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Mwaka uliofuata, Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Askofu John England wa Charleston akajitahidi kuwaeleza wakubwa wa Kusini kwamba barua ile haikugusa utumwa wao wa ndani. Na mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, Mkatoliki wa kwanza kushika cheo hicho, aliandika hukumu ya Dred Scott: kwamba mtu mweusi wa uzao wa watumwa hawezi kuwa raia, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika nchi mpya. Taney alikuwa amewaacha huru watumwa wake mwenyewe miaka mingi kabla. Dhamiri yake ilijua njia. Kalamu yake ikaifunga kwa mamilioni. Alidhani hukumu moja itamaliza ugomvi. Miaka minne baadaye mizinga ikalia Fort Sumter.

Wala tusiseme hayo yalikuwa ya mbali. Kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kilifumwa Kaskazini, katika majimbo yaliyojiita huru, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Kisha misafara ikakibeba hadi bara kununulia pembe za ndovu, na hata watu. Kikulacho ki nguoni mwako! Wengi walioomba kimya waliomba kwa sababu kimya kiliwalipa.

Na kimya hakikutosha. Abraham Lincoln aliahidi kutougusa utumwa mahali ulipokuwapo. Alipinga tu kuenea kwake. Hata hivyo majimbo saba yalijitenga kabla hajaapishwa Machi 1861. Dhuluma iliyozoea kubembelezwa huona hata kikomo kidogo kuwa ni uadui. Waliokufa walizidi laki sita. Sisifu vita, damu ile ni msiba mbele za Mungu. Nasema tu kwamba deni lake lilikopwa miaka mingi kabla, na watu waliojiita wapatanishi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu zangu, kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo nimesikia maneno yaleyale. Msichana wa kazi hajalipwa miezi saba; anapothubutu kusema, wazee wanakaa, wanakunywa chai, wanamwambia asivunje amani ya nyumba. Hakuna anayemwuliza bwana wa nyumba lini atalipa. Kisha tunafunga kikao kwa sala na kusema tumepatanisha. Tumempatanisha nani na nani?

Kijana wangu, andika upya jibu lako. Andika kwamba taifa lile halikuangamizwa na waliosema, bali na walionunua utulivu wao kwa migongo ya wengine. Na sisi tuliobaki, kabla ya kupeana amani Dominika hii, tumkumbuke yule ambaye amani yetu inamgharimu, twende tukamlipe.

Mungu awabariki.

Paroko wenu