Kabla ya kurekodi, semeni pesa ni za nani

Wewe na wenzako mko na bendi? Basi kabla hamjaingia studio, tafuta kwenye simu wimbo "Dippermouth Blues" wa King Oliver na Creole Jazz Band yake. Sauti inakwaruza, najua. Vumilia, haufiki hata dakika tatu.

Waliurekodi Aprili 1923 katika studio ya Gennett, mjini Richmond, Indiana, kule Marekani. Maikrofoni haikuwepo. Wote saba walipiga wakielekea pembe kubwa iliyopeleka sauti kwenye sindano, nayo ikachora juu ya nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano hiyo, kwa hivyo Baby Dodds akabaki kugonga mbao. Mpiga besi Bill Johnson akashika banjo. Halafu kulikuwa na kijana wa miaka 21 ambaye, kwa masimulizi ya mpiga piano Lil Hardin, alisukumwa nyuma kabisa kwa sababu alikuwa anamfunika mkubwa wake. Kijana mwenyewe, Louis Armstrong! Reli nayo ilipita hapo karibu, treni ikija kazi inasimama.

Indiana ya wakati huo ilijaa Ku Klux Klan, na Gennett hao hao walitengeneza santuri za Klan kwa malipo. Hebu fikiria vijana weusi wakiingia mlango huo kufanya kazi. Hilo halikuwavunja. Kilichowavunja ni pesa. Haukupita mwaka, Johnny Dodds na nduguye Baby wakajitoa, wakimshuku Oliver kwamba anakalia mgao wao wa santuri.

Sisemi Oliver alitajirika. Alifariki 1938 mjini Savannah akiwa mfagiaji wa ukumbi wa pool, yeye aliyemwita Armstrong Chicago. Ila nikiwaza watu waliopiga kwa kusikilizana hivyo, halafu wanashindwa kuketi na kuhesabu pesa pamoja, naumia.

Sasa nyinyi. Nani ametunga mistari, nani ametengeneza biti, na malipo yakija yanaingia M-Pesa ya nani? Wengi wenu mnaona haya kuulizana, ati ni marafiki. Dodds na Dodds walikuwa ndugu wa damu, Lil na Louis wakaja kuoana, na bado mambo yaliharibika. Andikeni majina na mgao kwenye karatasi, kila mtu atie sahihi.

Utaniambia hizo pesa zenyewe hazijaonekana. Si ndio vizuri, bana? Saa hii hakuna wa kununa.